Wimbo wa Kumi na Saba

Mwanafunzi mgumu kuliko wote niliowahi kufundisha alinijia siku kumi kabla ya bwawa kufunguliwa kwa msimu wa joto. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, amejaa mwili, na goti la kushoto lilimsumbua kiasi cha kushuka ngazi kiubavuubavu. Mkononi alikuwa na barua ya daktari: masomo kumi ya kuogelea, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, goti lipate mazoezi bila kubeba mwili. Kofia ya kuogelea alikuwa ameivaa tangu kwake, chini ya mtandio.

"Mwalimu," aliniambia, "nimekuja kwa sababu ya daktari tu. Nyumbani hawajui. Nimewaambia naenda kukandwa goti. Sitaki mtu anicheke, mzee mzima napiga mbizi."

Nilimwahidi kwamba siri yake itabaki ndani ya kuta zile.

Mimi ni mwalimu wa kuogelea. Mwaka huo nilikuwa natimiza mwaka wa kumi na mbili kwenye bwawa la halmashauri, ngozi inanuka klorini hata nikijisugua kwa limau. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilishalipita rika ambalo mashangazi hukuuliza "utaolewa lini?" nikafika lile ambalo huacha kuuliza, wakakutazama tu kwa huruma. Macho hayo nilikuwa nimeyazoea. Halafu akaja Fundi.

Alikuja miezi sita kabla ya ufunguzi huo, kufunga vipaza sauti vipya kuzunguka bwawa. Mrefu, mpole, miaka thelathini na mmoja, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande anaposikiliza, hata ukimwambia jambo dogo kama kwamba chai imepoa. Kazi ya siku nne akaifanya siku tisa. Siku ya tisa Meneja wetu, mama asiyependa kuzungushwa, akamuuliza kama anafunga spika au anafunga ndoa. Fundi akajibu kwamba akipewa nafasi atafunga vyote viwili. Mimi nilikuwa ukingoni naopoa majani kwa wavu. Nusura nitumbukie.

Meneja huyohuyo ndiye aliyetupa kazi ya kanda. Alikuwa amechoshwa na nyimbo zilezile zinazopigwa kila saluni na kila kituo cha mafuta, akataka msimu huu bwawa lake liwe na muziki wake: nyimbo kumi na sita za wanamuziki wadogo wasio na kampuni nyuma yao, wale wanaojirekodia vyumbani na kuzitupa mtandaoni zisikilizwe na watu arobaini, nusu yao wakiwa binamu zao. Yeye ni wa enzi za kanda, akaiita kanda. Nasi tukaiita kanda, ingawa yote ilikaa kwenye flashi isiyozidi kidole gumba.

Kila jioni baada ya kazi tuliketi kwenye chumba cha mitambo, spika za masikioni tumegawana moja moja, mashavu karibu yagusane, tukichimbua. Tulipata dada wawili waliorekodi ndani ya stoo ya magodoro ili sauti zao zisigonge ukuta na kurudi. Tulipata muuza viatu aliyeimba kwa kinanda cha kitoto chenye kitufe kimoja kibovu, naye akawa anatunga nyimbo zake zote kwa kukikwepa. Tulipata kikundi cha wauguzi walioimba wakitoka zamu, mdundo wakiupiga kwenye trei za chuma. Na tulipata tarishi mmoja mstaafu na gita lake. Alikuwa na wimbo mmoja tu, dakika sita na nusu, wa mtu aliyeandika barua ya mapenzi akaisahau mfukoni mpaka koti likafuliwa.

Fundi alipenda mdundo. Mimi nilipenda maneno. Tukagombana karibu kila wimbo, ugomvi wa kupendeza, wa kusukumana mabega. Akiona anashindwa hoja, ananyamaza na kunitazama tu, muda mrefu, mpaka nasahau nilichokuwa natetea. Hivyo ndivyo alivyoshinda nyingi.

Jambo moja tu lilitukaa kooni: mama yake. Fundi alimwambia kwamba amepata mwanamke anayetaka kumwoa, mwanamke wa kazi, yuko halmashauri. Mama alifurahi mpaka alipouliza umri. Alipotajiwa, masikio yakafungwa. Hakutaka kusikia jina, wala kazi gani hasa, wala kuona picha. Alisema mtu huyo ni kama shangazi yake. Alisema wajukuu hawaji kwa kusubiri. Na alisema majirani zake wawili, aliokaa nao ukuta kwa ukuta miaka thelathini, watamcheka mpaka meno yawakauke. Fundi aliniambia mara nyingi kwamba atalainika. Miezi mitano ilikuwa imepita na hakuwa amelainika.

Basi nirudi kwa mwanafunzi wangu.

Bwawa lilikuwa bado limefungwa kwa umma, wachoraji wanamalizia mistari ya ukingoni, na asubuhi tulikuwa wawili tu majini. Siku ya kwanza alishika reli kwa mikono yote miwili, akakaza mwili kama mlingoti. Nilijaribu kumbembeleza, nikajaribu mzaha, wapi. Ndipo nikakumbuka spika yangu ndogo. Nikaweka nyimbo tulizokuwa tukizipima, nikamwomba anisaidie kazi: asikilize, aniambie upi unafaa bwawani na upi haufai. Mtu akipewa kazi ya kuhukumu husahau kuogopa.

Naye alihukumu. Muuza viatu alimsifia sauti yake, ila akasema ana haraka, kama ameacha chungu jikoni. Dada mmoja niliyempenda sana mimi, mwenye sauti nyembamba ya huzuni, alimsikiliza kidogo tu akatikisa kichwa.

"Huyu amebanwa na mlango," alisema. "Wamfungulie kwanza, kisha aimbe."

Nikamfuta. Somo la tatu akatia uso majini. Somo la nne akalala chali, kiganja changu chini ya kichwa chake, tukahesabu mpaka kumi huku wale dada wa stoo ya magodoro wakiimba. Alikuwa amefumba macho. Akaniambia polepole kwamba hao wasiguswe, wabaki.

Jioni nilimpelekea Fundi hukumu zote. Alizifurahia, kwa sababu karibu kila mara mwanafunzi wangu alikuwa upande wake. Akasema mama huyo ana sikio, na siku moja nimkutanishe naye wazungumze muziki.

Jumatatu, somo la tano, alikuwa anatembea majini kutoka ukuta hadi ukuta, mabega yakicheza. Wimbo wa wauguzi ulikuwa unapiga. Akasema wimbo huo mwanawe angeupenda. Huyo mwanawe, akasema, tangu mdogo ni mtu wa kusikiliza, kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe. Nikacheka. Akaendelea kwamba sasa ni fundi wa vipaza sauti, kijana mtulivu, hana neno, ila mwaka huu amepatwa.

"Amenaswa na mtu mzima, Mwalimu. Yuko huko halmashauri, sijui ofisi gani. Miaka arobaini. Mwanangu ana thelathini na mmoja. Huyo si mchumba, ni mlezi."

Maji yalikuwa yamenifika kifuani, lakini nilihisi yamenifika puani. Nilisimama pale nimeshika ubao wa kuelea, nikitazama pua yake, paji lake, jinsi alivyoinamisha kichwa kusubiri jibu langu, na nikashangaa kwamba siku nne zote sikuwa nimeona.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" aliniuliza.

"Ningetaka kumwona kwanza, Mama."

"Nimwone wa nini? Nikimwona nitampenda. Mimi najijua. Ndiyo maana sitaki."

Nilipomweleza Fundi jioni ile alicheka mpaka akakaa chini juu ya kasha la nyaya. Kisha kicheko kikakatika. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama kweli mama yake anaelea, na nilipomwambia anaelea, macho yakamlegea kwa namna ambayo ilinifanya nimpende upya. Akanisihi nisiseme kitu. Masomo yanaisha Jumamosi, akasema, siku ya ufunguzi. Akishamaliza tutamwambia pamoja. Nikakubali.

Nilikubali kwa siku mbili. Jumanne alilala chali, akafumba macho, akaniachia kichwa chake chote mkononi. Jumatano vilevile, tena akaniambia kwamba tangu mumewe afariki hajawahi kulala hivyo akiwa macho. Nilienda nyumbani siku hiyo nikashindwa kula. Mtu anakulalia mkononi na hajui mkono ni wa nani. Sikuona namna ya kuendelea.

Alhamisi nilimwambia asimame penye kina kifupi, miguu kwenye vigae, mkono kwenye reli. Nikazima muziki.

"Mama, yule mwanamke wa halmashauri ni mimi."

Alinitazama. Kisha akatazama ukutani, kwenye nembo ya halmashauri iliyopakwa rangi upya, kana kwamba nembo ingenikanusha.

"Umejua lini?"

"Jumatatu. Ulipotaja anavyoinamisha kichwa."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo Jumanne na Jumatano ulinishika kichwa ukijua nimekusema vibaya."

"Nilikushika."

"Na hukuniachia."

"Ningekuachiaje, Mama?"

Akashika ngazi akapanda taratibu, mimi nyuma yake nisijue kama nimsaidie au nibaki. Alipofika juu alijifunga taulo, akauliza swali moja tu: je, mwanawe anajua kwamba yeye huja pale? Nikasema anajua, tangu hiyo Jumatatu. Akaguna.

"Basi mmekaa wawili mnanizungumza na kofia yangu ya mpira," alisema, na niliona kwamba hilo lilimchoma kuliko umri wangu. Akaondoka bila kukausha nywele.

Ijumaa hakuja. Nilimsubiri saa nzima, miguu imening'inia majini, mpaka vidole vikakunjamana.

Mchana tulikutana chumba cha mitambo kumalizia kanda. Nyimbo kumi na tano zilikuwa zimekaa mahali pake, imebaki nafasi moja. Ugomvi wetu wa siku hiyo haukuwa wa kusukumana mabega. Fundi alisema ningesubiri siku mbili tu. Mimi nikasema yeye angeniita kwa kazi yangu mbele ya mama yake tangu mwanzo, si "halmashauri, halmashauri" kama vile nauza vibali. Akasema mama alikataa kusikia. Nikasema mtu mzima hangoji mama aombe kusikia. Neno hilo "mtu mzima" likaanguka katikati yetu. Nje wachoraji walikuwa wanaosha brashi zao. Nilifikiri, hivi ndivyo mambo yanavyoisha, kwa sauti ya maji ya bomba.

Kisha yeye, bila kunitazama, akasema nafasi ya mwisho tumpe tarishi.

Nilikuwa nimempigania tarishi wiki nzima. Yeye alikuwa amekataa katakata. Dakika sita na nusu, alisema, watoto watatoka majini na kulala. Yeye aliwataka wauguzi.

"Weka wauguzi," nikamwambia. "Mama yako aliucheza."

"Nimesema tarishi. Ukifika ubeti wa tatu huwa unalia, na ukilia unanishika mkono. Nataka ule ubeti."

"Weka wauguzi, Fundi."

Tukaanza upya, kila mmoja akitetea wimbo wa mwenzake, na sauti zetu zilipanda mpaka Meneja akafungua mlango, rundo la tiketi mkononi. Alisikiliza pande zote mbili bila kukaa. Halafu akauliza ni nani aliyesema lazima ziwe kumi na sita.

"Wewe, Meneja," Fundi akamjibu.

"Basi sasa nasema kumi na saba," alisema, na akarudi kwenye tiketi zake.

Tulibaki tunatazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Fundi akaweka wauguzi wa kumi na sita na tarishi wa kumi na saba, kisha akaunyoosha mkono wake juu ya meza kabla hata ubeti wa tatu haujafika. Nikaushika. Hatukuwa na jibu la mama yake, lakini angalau hatukuwa tumepotezana sisi kwa sisi.

Jumamosi jua liliamka mapema kuliko sisi. Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa: watoto na maboya yao, akina baba wakivuta matumbo ndani, wasichana wakipiga picha za miguu. Fundi alikuwa juu ya ngazi upande wa pili, akihangaika na spika moja iliyokuwa ikikwaruza. Muuza viatu aliimba juu ya maji yote yale, na kila aliyepita alinisimamisha kuuliza ni nani huyo, mbona hajawahi kumsikia. Kila nilipojibu nilijisikia kama mtu anayejisifia mtoto.

Ndipo nikamwona. Alikuwa anaingia langoni, kofia yake ya kuogelea kichwani, safari hii bila mtandio juu yake. Kulia na kushoto kwake walikuwa wanawake wawili wa rika lake, kila mmoja na kikapu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni wale wa ukuta kwa ukuta.

"Mwalimu," alisema aliponifikia. "Daktari aliandika kumi. Nimepata saba na nusu."

"Karibu, Mama."

Majirani wakakaa kwenye benchi na taulo zake mapajani. Yeye akashuka ngazi mbele ya umati wote ule, goti lake taratibu, nami nikamtangulia majini. Maji yalipomfika kifuani alianza kuzungumza, akiwa anatazama mbele, si mimi.

Alinieleza kwamba jana alishinda ndani. Alimpigia daktari kuuliza kama kuna bwawa lingine; daktari akasema lipo, lina mwalimu wa kiume, na yeye akasema hapana. Basi akakaa, akawaza anamficha nani hasa siri zake. Mwishowe akawaita majirani zake akawaambia yeye mwenyewe: habari za goti, za kofia, na zangu.

"Wakasemaje?" niliuliza.

"Walicheka, kama nilivyojua. Walicheka mpaka ikabidi nichemshe chai nyingine. Kisha wakasema nao wanataka kujifunza kuogelea." Akapiga hatua mbili. "Una miaka arobaini kweli?"

"Thelathini na minane."

Akasimama. Aligeuka kumtazama mtu wa juu ya ngazi, ambaye bado alikuwa ametupa mgongo.

"Aliniambia arobaini. Mjanja huyu. Ameongeza miwili ili siku nikikuona nihisi nimepunguziwa. Baba yake alikuwa hivyohivyo, akivunja sahani anakuambia amevunja kabati."

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa na neno lililonikaa tangu Jumatatu, na niliona nikiliacha hapo nitalibeba mpaka uzeeni.

"Mama, kuhusu wajukuu. Natamani. Lakini siwezi kukuahidi."

Watoto walirukia maji karibu yetu, yakamrukia usoni, naye hakushtuka, hakushika reli. Alijifuta kwa kiganja.

"Mimi niliolewa nikiwa na miaka ishirini," alisema. "Huyo nilimpata baada ya miaka minane. Hakuna aliyenidai ahadi ila mama mkwe, na sikumpenda mpaka anakufa." Akavuta pumzi. "Haya, nishike. Maji ukiyavulia nguo, yaoge."

Akajilaza chali, nami nikaweka mikono yangu yote miwili chini ya kichwa chake. Wauguzi walikuwa ndio kwanza wanaanza, trei zao zikilia pande zote za bwawa, na vidole vyake vya miguu vikajitokeza juu ya maji vikifuata mdundo. Alihesabu mpaka kumi, akapita, akafika ishirini. Uso wake wote ulikuwa umekunjuka.

"Wewe huko juu," aliita, macho yake angani. "Hiyo ya kushoto bado inakwaruza."

Fundi aligeuka. Nilimwona akimtafuta mwenye sauti kati ya vichwa vya watu, kisha akamwona mama yake, amelala juu ya maji, na chini ya kichwa cha mama yake mikono yangu. Kichwa chake kikainama upande. Alishuka ngazi na bisibisi mkononi, akaja akipita kati ya watoto na maboya bila kuwaona.

Jirani mmoja alikuwa ameshindwa kukaa kwenye benchi. Alisimama ukingoni, taulo begani, akiangalia maajabu yale.

"Mwalimu mzuri kweli," alimwambia mama majini. "Umempata wapi?"

"Sikumpata mimi," mama alijibu, macho ameyafumba sasa. "Alimpata mwanangu. Mimi nimechelewa tu kusikiliza."

Fundi alifika na kupiga magoti ukingoni, suruali ikalowa yote. Tarishi alikuwa ameanza kupapasa gita lake, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Fundi akaninyooshea mkono mbele ya umati, mbele ya majirani, mbele ya Meneja na tiketi zake. Sikuweza kuupokea. Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya kichwa cha mama yake, naye hakuwa na haraka yoyote ya kuinuka.